Neno "Mfadhili" na Faili la Mpwa Wangu



Leo sikuja na vina wala mizani, ingawa ubeti mmoja utajipenyeza huko mbele, mtaniwia radhi. Nimekuja na neno moja tunalolitamka kila siku bila kulipima: mfadhili. Nimelisomesha neno hili kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Korogwe, nikiliandika ubaoni kama mfano wa nomino inayozaliwa na kitenzi. Sikujua kuwa nilikuwa nalielewa nusu tu.

Aliyenionyesha nusu ya pili ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Alipohitimu shahada yake alipokelewa kwa mafunzo tarajali ya miezi sita katika shirika moja la uhifadhi lenye ofisi Arusha. Shirika lenyewe sitalitaja, kwani ninayoyasema hapa yangeweza kutokea katika mengi. Siku alipopangiwa kazi alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mjomba, nimewekwa kitengo cha utafiti wa wafadhili."

Nikampongeza. Nilidhani atakuwa anapita vijijini kupima kama fedha za wafadhili zimeleta faida yoyote.

"Hapana, Mjomba. Tunawatafiti wafadhili wenyewe. Nani ana fedha, ni kiasi gani, alizipataje, anapenda nini, amewahi kumpa nani, na ni nani anayefahamiana naye awezaye kutufikisha mlangoni pake."

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamuuliza kama kazi hiyo si umbea uliovalishwa suti. Akacheka. "Mmbea angalau hufaidi utamu wa habari," alisema. "Mimi napewa nauli tu."

Alipokuja kunitembelea alinifafanulia. Huko Marekani, taasisi binafsi zinazotoa misaada hulazimika kila mwaka kujaza fomu ya kodi, iitwayo 990-PF, inayoonyesha zimempa nani na kiasi gani, na yeyote duniani anaweza kuisoma. Wakuu wa kampuni zilizomo katika masoko ya hisa hutakiwa kutangaza hisa wanazomiliki. Kumbukumbu za nyumba na mashamba nazo ziko wazi katika majimbo mengi. Mtafiti huokota chembe hizo moja moja, kama mtu achambuaye mchele, kisha huandika wasifu wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Hupima mambo matatu: uwezo wa mtu, mapenzi yake kwa jambo lenyewe, na mazoea yake ya kutoa. Uwezo peke yake si kitu. Tajiri asiyejali wanyama hatoi hata senti, bali ajuza mstaafu aliyetuma dola hamsini kila mwaka kwa miaka ishirini ndiye huenda akaliandikia shirika nyumba yake katika wasia. Jambo hilo lilinifurahisha, kwa sababu ambazo mstaafu mwenzangu atazielewa.

Hapo ndipo lugha ilipoingia. Mpwa wangu alitakiwa kuandika muhtasari wa Kiswahili kwa wenzake wa kituo cha porini, naye akakwama: yule tajiri anayetafitiwa, ambaye bado hajatoa wala hajui kama atatoa, tumwite nani? Nikampa "mfadhili mtarajiwa". Neno hilo tunalijua kwa bibi harusi mtarajiwa na mama mtarajiwa. Na yeye mwenyewe yuko katika mafunzo tarajali, neno ambalo ndani yake husikika kule kutaraji. Basi mtarajali anamtafuta mtarajiwa, na ofisi nzima inaishi kwa matarajio.

Mzaha huo ndio ulionibadilisha mawazo. Nilikumbuka kwamba sisi tunayo kazi hii tangu zamani, na jina lake ni ushenga. Kabla ya posa kupelekwa, watu huulizia: ukoo huo ukoje, una deni, una maradhi, binti ana tabia gani, baba yake hupenda kuzungumzwaje. Mshenga huyajua yote hayo na hakuna amwitaye mpelelezi. Heshima yake hutegemea anachokirudisha nyumbani na anachokizika njiani. Mshenga mwenye mdomo hapati kazi ya pili.

Hata washairi hatuna budi kukiri kuwa tunamjua mfadhili vizuri. Bwana Mwengo bin Athumani aliutunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728 huko Pate kwa ombi la mtawala wake, na siamini kwamba alianza kuandika kabla ya kujua mtawala huyo hupenda nini. Uhifadhi nao una historia yake ya majina makubwa. Mwaka 1970 shirika la WWF lilianzishiwa mfuko wa watu 1001, kila mmoja akitoa dola 10,000, na orodha ya watu hao ikawekwa siri. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa mezani akaandika majina 1001 ya kubishiwa hodi. Mpwa wangu ni mrithi wa mtu huyo, ila yeye anapewa nauli.

Sheria nazo zimeamka. Kati ya Desemba 2016 na Aprili 2017, Kamishna wa Taarifa wa Uingereza aliyatoza faini mashirika 13 ya hisani, hasa kwa kuwachunguza wachangiaji wao utajiri bila kuwaarifu na kwa kubadilishana taarifa zao. Ndiyo maana mpwa wangu alifundishwa kanuni moja siku ya kwanza: usiandike katika faili la mtu neno usiloweza kumsomea yeye mwenyewe, kwa maana anaweza kuja kuliomba, na atapewa. Niliipenda kanuni hiyo. Nilimwambia aiandike kwenye karatasi aibandike ukutani, naye akaniambia tayari imebandikwa.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Kwa kuwa Kiswahili chake ni kizuri, mpwa wangu aliongezewa kazi: kutafsiri mahojiano yaliyorekodiwa vijijini, ili vipande vyake viambatishwe kwenye maombi yanayopelekwa kwa wafadhili. Alinitumia moja nimkagulie. Alikuwa mama mmoja wa wilaya ya Bunda, magharibi mwa Serengeti, ambaye tembo walimaliza mtama wake wiki moja kabla ya mavuno. Maneno yake yalikuwa machache. Alisema tembo nao ni viumbe wa Mungu, hana ugomvi nao, ila shamba lile ndilo lililokuwa bwana wake tangu bwana wake afe. Tafsiri ya mpwa wangu ilikuwa safi, nikairudisha bila alama nyekundu, jambo nisilolifanya mara nyingi.

Mwezi mmoja baadaye alinionyesha kijitabu kilichochapishwa. Picha ya mama yule ilikuwamo. Kiingereza chini yake kilimfanya aseme kwamba anawapenda tembo na kwamba anawashukuru wafadhili kwa kuibadilisha jamii yake. Jina hakuwa nalo. Aliitwa mkulima, mnufaika wa mradi. Katika kabati la ofisi ile ile, mume na mke wanaoishi maili maelfu kutoka hapo walikuwa na faili la kurasa nane: shule walizosoma, mbwa wao, kifo cha mtoto wao na tahadhari ya kutokulitaja jambo hilo mezani. Wale waliandikwa kwa uangalifu wote. Huyu aliandikiwa mstari mmoja, na mstari wenyewe si wake.

Naijua Bunda. Nilihamishiwa huko mwaka 2007, katika shule ya kata iliyokuwa na madarasa manne na ofisi moja. Kidato cha pili nilikuwa na mvulana aliyelala darasani kila kipindi cha asubuhi. Nilimwonya, kisha nikampigisha magoti, na mwisho nikamchapa mbele ya wenzake, nikimwita mvivu. Hakujitetea. Ni mwanafunzi mwingine aliyeniambia, wiki kadhaa baadaye, kwamba kijana yule alikuwa anakesha juu ya dungu, yeye na mama yake kwa zamu, wakipiga madebe kuwafukuza tembo. Mimi niliyekuwa nikifundisha msamiati wa kuamia na dungu kutoka vitabuni, nikiwataka watoto watunge sentensi, nilikuwa nimemchapa mtoto aliyetoka dunguni saa kumi na mbili asubuhi.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinikaribisha vizuri kupita nilivyostahili. Msimu ule hawakuvuna. Ada ya shule ya kutwa wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, bila kuhesabu michango, na michango ndiyo iliyoshinda ada. Kijana hakurudi kidato cha tatu. Ningeweza kumlipia. Nilichelewa kulifikiri jambo hilo hadi alipokwisha kwenda ziwani kuvua, na nimelibeba tangu hapo.

Basi nauliza: nani aliwafadhili tembo wa msimu ule? Fadhili ni kumtendea mtu wema usiomdai. Wazee husema, mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Na kwa faida ya vijana wanaosoma hapa, katika methali hiyo mfadhili si nomino, ni amri, na hiyo m- ya mwanzo ni ya mbuzi. Kitenzi hakidai hundi, hakidai pasipoti. Kinadai kwamba kuna aliyetoa na kuna aliyepokea. Kijana wangu alitoa usingizi wake na masomo yake. Mama yake alitoa chakula cha mwaka. Tembo wakala, wakarudi hifadhini, watalii wakawapiga picha. Kwa kipimo chochote cha sarufi yetu, familia ile ni mfadhili.

Lakini sisi wenyewe tumelibana neno. Tumelifanya liwe jina la mgeni mwenye fedha, na wenyeji tukawatungia maneno mengine. Tunawaita walengwa. Nilipokuwa mtoto, mlengwa alikuwa yule aliyeelekezewa mshale. Tunawaita wanufaika, hata pale ambapo hesabu ya debe na gunia inaonyesha wamepunguza, hawajaongeza. Serikali nayo, kwa Kanuni za mwaka 2011, huwalipa walioharibiwa mazao na wanyamapori kwa kipimo cha eka na umbali kutoka mpaka wa hifadhi, na malipo hayo hatuyaiti fidia. Huitwa kifuta jasho, na pale mtu anapouawa au kujeruhiwa, kifuta machozi. Kama istilahi ni nzuri mno, nakubali, ina hata ushairi. Ila fidia hukiri kwamba kuna kilichotolewa kinachopaswa kurudishwa. Kitambaa cha kufutia jasho hakikiri deni lolote.

Najua nitakavyojibiwa. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Ujangili haukuzimwa kwa istilahi. Ulihitaji magari, mafuta, redio, ndege, posho za askari, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa watu wa mbali ambao mtu kama mpwa wangu aliwatafuta. Hata uzio wa mizinga ya nyuki, na zile kamba zenye vitambaa vilivyochovywa pilipili na oili chafu, ambavyo vimewapa wakulima wengine usingizi, mara nyingi hulipiwa na hundi hizo. Siwakejeli wanaotoa, wala siidharau kazi ya kuwatafuta. Ajuza wa dola hamsini ana heshima yangu yote.

Ninachokipinga ni mizani iliyoelemea upande mmoja, na hiyo si kazi ya wahasibu kuirekebisha, ni kazi yetu watu wa lugha. Tajiri wa Uingereza ana haki ya kuomba asomewe faili lake. Mama wa Bunda naye anayo haki ya namna hiyo hapa kwetu, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini haki ya kusoma ulichoandikiwa kwa lugha usiyoijua ni haki gani? Mdomo wake ulitumiwa kusema maneno ambayo hakuyasema, kwa Kiingereza, mbele ya watu ambao hatawaona, na asingeweza kukanusha kwa kuwa hakujua kuna cha kukanusha.

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu mapendekezo mawili ayapeleke kwa msimamizi wake. La kwanza, kila mtu wa kijijini ambaye maneno au picha yake inapelekwa kwa mfadhili, asomewe kwanza andiko lenyewe, lililorudishwa katika Kiswahili au lugha ya kwao, naye aliseme neno la mwisho. Kanuni ile iliyobandikwa ukutani, ya kutoandika usichoweza kumsomea mwenyewe, isiwe ya matajiri peke yao. La pili, wafungue faili la aina nyingine, la wafadhili wa karibu: jina, shamba, eka, msimu, kilichopotea, usiku uliokeshwa. Wayaweke katika kabati lile lile, chini ya kichwa kile kile cha maneno.

Msimamizi alilikubali la kwanza, kwa majaribio. La pili alisema ni zuri ila halina bajeti. Nikamtungia mpwa wangu ubeti wa kumpelekea, kwa hasira kidogo:

Aliyetoa mtama, tembo usiku wakala,
Akakesha na kuhema, dunguni asipolala,
Naye katoa karama, ingawa hana risala,
Mfadhili si wa mbali, jirani naye katoa.

Haukutumika. Mpwa wangu aliniambia kwa adabu kwamba ubeti haukuwa na mahali pa kuingia katika jedwali lao, nami nikakumbuka kuwa alikuwa na wiki tatu tu kumaliza muda wake na alihitaji barua nzuri ya utambulisho. Sikumsukuma. Mkinilaumu kwamba nilinyamaza mapema, sina utetezi; ila ni rahisi kwa mwenye pensheni kuwa shujaa kwa mdomo wa mtarajali.

Katika wiki hizo tatu alipanda gari la shirika hadi Bunda, pamoja na afisa wa kijiji, kumsomea mama yule andiko jipya lililokuwa liende kwa mume na mke wale wenye faili la kurasa nane. Walikaa chini ya mti, akamsomea polepole kwa Kiswahili. Safari hii maneno yalikuwa yake, lile la bwana na shamba likiwamo, na jina lake lilikuwa juu. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamrekebisha mahali pamoja: eka zilizoliwa ni mbili, si tatu, asije akaonekana ameongeza. Kisha akauliza, "Na hao mnaowapelekea, wao wana eka ngapi?"

Mpwa wangu alikuwa anazijua. Zimo katika ukurasa wa tatu. Aliniambia aliinama akajifanya anatafuta kalamu.